SOMO LA AKINA BABA: MWILI WA MWANAUME BAADA YA MIAKA ARUBAINI

Somo la mara hii ni la akina baba, hasa waliopita miaka arubaini. Lakini tunaomba akina mama wasiupite ukurasa huu, kwa maana mambo tutakayoyasema hufika chumbani mwao siku nyingi kabla ya kufika masikioni mwa mchungaji.

Sisi wachungaji tunayapata yakiwa yameshaharibika. Mama anakuja na kusema: bwana yangu amebadilika. Analala akinigeuzia mgongo, anakasirika kwa jambo dogo kama chumvi, hataki kwenda shamba, akitoka anarudi usiku ananuka waragi. Nikimuuliza, "Baba watoto, nimekukosea nini?" ananyamaza. Mama huyu amekwisha kuamua moyoni kwamba kuna mwanamke mwingine. Ukimwita baba mwenyewe, baada ya kuzunguka sana na kuzungumza juu ya mvua na mahindi, anakuambia jambo lingine kabisa: mwili haunitii tena. Naye amekwisha kuamua moyoni kwamba ni uchawi, au kwamba bibi yake ametafuta dawa ya kumfunga. Hivyo watu wawili waliovuka Ziwa Albert katika mtumbwi mmoja, wakaanza maisha upya chini ya shitingi moja, wanaachana kwa sababu ya jambo ambalo hakuna hata mmoja aliyelitaja kwa jina lake.

Basi leo tunalitaja. Tutatumia maneno ya wazi, yale yanayotumika katika kituo cha afya, wala msituone kuwa tumekosa adabu. Maandiko yenyewe hayakuficha. Katika 1 Wafalme sura ya 1 tunasoma kwamba mfalme Daudi alipokuwa mzee walimfunika nguo nyingi lakini hakupata joto, wakamletea binti mzuri wa kumtunza, wala mfalme hakumjua kimwili. Huyo ni Daudi yule yule wa Goliathi. Walioandika hawakuona haya kwa ajili yake, na watu wake hawakusema amerogwa.

HOMONI NI MJUMBE

Homoni ni kitu kinachotengenezwa na tezi fulani mwilini, kinaingia katika damu na kupeleka habari mahali pengine. Ziko homoni nyingi. Ile kubwa ya mwanaume inaitwa testosteroni, na sehemu yake kubwa hutengenezwa katika korodani. Ndiyo inayoleta ndevu na sauti nzito kijana anapobalehe. Baadaye inasaidia misuli, mifupa, utengenezaji wa damu na wa mbegu, na hamu ya tendo la ndoa. Akina mama nao wanayo, ila kidogo.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: korodani hazijiamulii. Zinangoja oda kutoka kichwani. Ndani ya ubongo kuna sehemu inayoamrisha, na chini yake kuna tezi ndogo kama punje ya njegere, inaitwa pituitari, ndiyo inayopeleka oda kwa njia ya damu. Tufikiri ofisi na kiwanda. Kiwanda kinaweza kuwa kizima kabisa, mashine zote zipo, lakini ofisi ikiwa katika taabu haitoi oda, na kiwanda kinakaa kimya. Tuushike mfano huu, tutaurudia.

Ni kweli kwamba homoni hii hupungua kwa umri. Tangu miaka ya thelathini au arubaini inashuka polepole, kadiri ya sehemu moja katika mia kila mwaka. Watu wengine wameliita jambo hili "andropozi", wakilifananisha na kukoma hedhi kwa mama. Sisi tunaona jina hilo linapotosha. Mama akikaribia miaka hamsini, mayai yake yanakwisha na hedhi inakoma; ni mlango unaofungwa. Kwa baba hakuna mlango unaofungwa. Ni mteremko mrefu, na wengine wanautelemka mpaka uzee wao bila kuona shida yoyote kubwa.

Mwaka 2010 watafiti wa Ulaya walitoa matokeo ya kuwachunguza wanaume 3,369 wa umri wa miaka 40 hadi 79 katika miji minane. Walipotafuta wale ambao homoni yao imeshuka kweli na pia wana dalili zake, walipata kama watu wawili tu katika kila mia. Dalili zilizoonekana kwenda pamoja na upungufu huo kwa uhakika zilikuwa tatu, nazo zote ni za tendo la ndoa: hamu kupungua, uume kushindwa kusimama, na uume kutosimama wenyewe alfajiri. Uchovu, huzuni na kukosa nguvu vilionekana kwa wanaume wengi mno, wenye homoni ya kutosha na wasio nayo. Kwa hiyo baba wa miaka 47 anayesema "mimi nimekwisha, ni uzee", uwezekano mkubwa ni kwamba si uzee. Kuna kitu kingine, na kitu hicho mara nyingi kina dawa.

WALESE WA KWETU

Tuongeze habari moja inayotugusa sisi tuliotoka Ituri. Mwaka 2002 wataalamu kutoka Marekani walitangaza vipimo walivyofanya kwa mate ya wanaume wa sehemu nne za dunia: mji wa Boston kule Marekani, Paraguay, Nepal, na Walese, jirani zetu wa msitu wa Ituri wanaolima mihogo na ndizi. Walikuta kwamba vijana wa Marekani wana homoni nyingi kuliko vijana wa kwingine. Lakini walipofika kwa wanaume wa miaka 45 hadi 60, tofauti haikuonekana tena. Mmarekani alikuwa ameshuka sana kutoka juu. Mlese alikuwa hajashuka kiasi hicho, kwa kuwa hakuanzia juu hivyo.

Maana yake nini? Maelezo yanayopewa uzito ni kwamba mwili unapima chakula na kazi tangu ujana. Mahali penye chakula tele, homoni hupanda juu. Mahali pa jembe, mzigo na msimu wa njaa, mwili hujiwekea kiasi, na kiasi hicho hakikuwazuia baba zetu kuoa na kuzaa. Kwa hiyo wale wanaotuletea karatasi za matangazo zenye picha ya mzungu mwenye misuli na kusema "rudisha kiwango chako cha ujana" wanauza kipimo cha watu wengine. Tunawaambia akina baba wa kanisa letu wasijipime kwa picha ile.

OFISI INAPOACHA KUTOA ODA

Turudi kwenye mfano wetu. Ni mambo gani yanayoisumbua ofisi? Mtu akiyataja, atafikiri anaeleza maisha yetu hapa makazini.

La kwanza ni njaa. Mwili ukikosa chakula cha kutosha kwa muda mrefu, ubongo unapunguza oda za uzazi ili nguvu kidogo iliyopo itumike kwa moyo na mapafu. Ni busara aliyoiweka Muumba, si laana. Tangu mwaka 2023, mgao hapa Uganda ulipopangwa kwa makundi na familia nyingine zikaondolewa kabisa, tunajua akina baba wengi wanaokula mara moja kwa siku ili watoto wale mara mbili. Baba wa namna hiyo akikosa hamu, asijiite mfu. Amejinyima kwa ajili ya watoto wake, na mwili umeandika hesabu yake.

La pili ni usingizi. Testosteroni hutengenezwa zaidi wakati wa kulala, ndiyo maana iko juu asubuhi. Mwaka 2011 kule Chicago walichukua vijana 10 wenye afya, wakawaruhusu kulala saa tano tu kila usiku kwa wiki moja. Homoni yao ya mchana ilishuka kwa sehemu 10 hadi 15 katika mia. Vijana, tena wenye afya, kwa wiki moja! Sasa tumfikiri baba ambaye hajalala vizuri tangu mwaka aliokimbia. Anaamka kila mbwa akibweka. Akifumba macho anaona mapanga. Wengine wanakaa macho kwa makusudi kwa kuogopa ndoto.

Na hapo linaingia la tatu, yaani hofu na huzuni ya muda mrefu. Juu ya figo zetu kuna tezi mbili ndogo zinazotoa homoni ya hatari, inaitwa kortisoli. Ukikutana na nyoka, inakusaidia kukimbia. Lakini mtu akiishi na nyoka huyo kichwani kwa miaka, kortisoli inaendelea kusumbua usingizi, sukari ya damu, presha na oda za pituitari. Huzuni nzito peke yake inaweza kuondoa hamu ya chakula, ya kazi na ya ndoa hata kama homoni ni kamili. Watu wetu husema "ana mawazo mengi". Tusidharau neno hilo, ni ugonjwa unaojulikana, na katika vituo vya afya wako wanaoshughulikia watu wenye mawazo. Kwenda kwao si kukosa imani.

Hapa tunawaomba msome 1 Wafalme sura ya 19. Nabii Eliya, mtu aliyeshusha moto, amekimbia nchi yake kwa kuogopa kuuawa, amekaa chini ya mti jangwani na anaomba afe. Angalieni Mungu alimtendea nini kwanza. Hakumhubiria. Alimwacha alale, akamletea mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili kwa sababu safari ilikuwa ndefu. Maneno yalikuja baadaye. Wazee wa kanisa wanaokwenda kumwombea ndugu aliyevunjika moyo wajifunze mpangilio huo. Kumkesheza usiku mzima mtu ambaye hajalala wiki tatu si msaada kwake.

Liko pia jambo la tumbo. Wengine kati yetu wamekonda, lakini wengine wameota kitambi, hasa waliopata biashara ya duka na kukaa kutwa na soda. Mafuta ya tumboni hugeuza sehemu ya testosteroni kuwa homoni ya kike, nayo inaiambia ofisi ipunguze oda. Habari njema ni kwamba upungufu wa namna hii unarudi: mtu akipunguza uzito, homoni hupanda yenyewe bila sindano. Pombe nayo, hasa ile kali ya kupika, inaharibu korodani na ini kwa pamoja. Na dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni, kama tramadoli ambayo vijana wetu wanaimeza kama peremende, zinanyamazisha oda kabisa zikitumika muda mrefu. Hapa hatuna maneno mengi. Anayekunywa anajua.

MABOMBA YA DAMU

Tumefika mahali ambapo tunataka kila baba asimame na kusoma mara mbili.

Kushindwa kusimama kwa uume mara nyingi si habari ya homoni. Ni habari ya damu. Uume husimama kwa sababu damu inaingia kwa nguvu na kuzuiwa humo. Mishipa inayoileta damu hiyo ni myembamba kuliko ile inayolisha moyo. Sasa presha, kisukari, sigara na mafuta vinapoanza kuziba mishipa ya mwili, ule mwembamba unaonyesha shida mapema. Kwa hiyo inatokea mara nyingi kwamba mwanaume anaanza kushindwa chumbani, na miaka michache baadaye anapata ugonjwa wa moyo au kupooza upande mmoja. Mwili ulimpa onyo. Yeye alilichukua onyo lile akalipeleka kwa mwuza mizizi.

Kisukari nacho hakiui mishipa ya damu tu, huharibu pia mishipa ya fahamu. Wako wanaume ambao dalili ya kwanza iliyowapeleka kupimwa ilikuwa hiyo, wakakutwa na sukari iliyopanda. Kama baba anakojoa sana, ana kiu isiyokwisha, anakonda ingawa anakula, na tena chumbani kumeharibika, asingoje mkutano wa injili uishe. Aende kesho.

Kuna kipimo kimoja kisicho na gharama. Mwanaume mzima uume wake husimama wenyewe usingizini na mara nyingi akiamka alfajiri, bila yeye kutaka. Kama hilo bado linatokea, lakini anashindwa akiwa na bibi yake, basi damu na mishipa kwa sehemu kubwa vinafanya kazi. Shida huenda iko katika hofu, ugomvi, huzuni, au watoto wanane wanaolala nyuma ya pazia. (Tusicheke. Nyumba ya chumba kimoja imevunja hamu ya watu wengi kuliko ugonjwa wowote.) Kama alfajiri hakuna kitu, wiki baada ya wiki, hilo ni la daktari.

Katika kituo cha afya, baba aombe apimwe presha, sukari na uzito, na aseme wazi sababu iliyomleta. Presha ya 140 juu au 90 chini, ikirudia siku mbalimbali, ni presha ya kutibiwa. Kama tayari anameza dawa za presha, aziseme kwa jina, kwa sababu baadhi yake zinapunguza nguvu za kiume, na mganga anaweza kumbadilishia. Asiziache kimyakimya. Tumezika watu walioacha. Akipewa rufaa ya kupima testosteroni katika hospitali kubwa, ajue kwamba damu hutolewa asubuhi, kabla ya kula, na kipimo kimoja kikiwa chini hakitoshi. Kinarudiwa siku nyingine kabla ya kusema lolote.

Anayeamka mara nne usiku kukojoa, na mkojo unatoka kwa kusitasita, huyo ana jambo la tezi dume, ambalo ni somo lingine. Naye aende.

CHUPA ZA SOKONI

Siku ya soko kuna watu wenye kipaza sauti wanaouza chupa za "nguvu za kiume". Tumeulizwa mara nyingi kama ni dhambi kununua. Swali letu sisi ni: ndani ya chupa kuna nini?

Tamaa hii si ya leo wala si ya Afrika peke yake. Mwaka 1889 kule Paris, profesa mmoja mwenye jina kubwa, Brown-Séquard, akiwa na miaka 72, alijidunga maji yaliyokamuliwa katika korodani za wanyama, akawatangazia wataalamu wenzake kwamba nguvu za ujana zimemrudia. Watu wengi wakakimbilia dawa hiyo. Kumbe maji yale yalikuwa karibu hayana homoni kabisa. Mwaka 2002 watafiti wa Australia walirudia njia yake na kuthibitisha hivyo. Kilichomwinua mzee yule kilikuwa ni kuamini kwake. Testosteroni yenyewe ilipatikana na kutengenezwa mwaka 1935, naye alikuwa ameshafariki mwaka 1894.

Chupa za leo ni mbaya zaidi, kwa sababu baadhi hazina maji matupu. Wakaguzi wa dawa wa nchi mbalimbali wamekuta mara nyingi kwamba dawa zinazoitwa za miti shamba zimechanganywa kwa siri na sildenafili, ile dawa ya hospitali inayofungua mishipa ya uume. Dawa hii ikitolewa na mganga anayejua presha yako inasaidia wengi, wala hatuikatazi. Lakini mtu anayetumia dawa za moyo za jamii ya nitrati akiinywa bila kujua, presha inaweza kuanguka ghafla mpaka afe. Mwuza chupa hakuulizi unameza dawa gani. Anauliza una shilingi ngapi. Kuhusu mzizi wa mulondo ambao wengi hutafuna, utafiti umefanywa zaidi kwa panya. Mwenye kuutafuna autafune, ila asiuweke mahali pa kupimwa sukari.

Na sindano za testosteroni? Kwa mtu aliyepimwa akakutwa na upungufu wa kweli, ni matibabu ya haki. Kwa mwingine, hapana. Homoni ikitoka nje, ofisi inaona imejaa na inaacha kutoa oda, na kiwanda kinaacha kutengeneza mbegu. Kwa hiyo baba anayetaka mtoto anaweza kujizuia mwenyewe. Majaribio makubwa ya Marekani yaliyotangazwa mwaka 2016, kwa wazee wenye upungufu, yalionyesha kwamba hamu ya tendo ilipanda kiasi, lakini uchovu haukuondoka kama watu walivyotumaini. Mwaka 2023 jaribio lingine la wanaume zaidi ya 5,000 lilionyesha kwamba jeli ya homoni hiyo haikuongeza mshtuko wa moyo, ila mapigo ya moyo yasiyo na mpango na damu kuganda mapafuni vilionekana zaidi. Si kitu cha kununua kwa rafiki.

Wengine hawanunui chupa. Wanatafuta binti mdogo ili wajijaribu. Tunasema waziwazi: hiyo ni dhambi mbele za Mungu na kosa mbele ya sheria, na haimponyi mtu sukari. Inaleta virusi nyumbani.

WALIOUMIZWA VITANI

Hili tunaliandika kwa sauti ya chini. Wako kati yetu wanaume waliopigwa korodani, waliofungwa kamba, au waliotendewa na wenye silaha mambo ambayo hata mke hajaambiwa. Si mmoja wala wawili. Kule Kampala, Refugee Law Project ya Chuo Kikuu cha Makerere imefanya kazi kwa miaka mingi na wakimbizi wanaume wa namna hii, wengi wao Wakongomani. Korodani iliyoumizwa inaweza kushindwa kutengeneza homoni ya kutosha, na huo ni upungufu wa kweli unaotibika. Vilevile moyo ulioumizwa unaweza kuukataa mwili kuguswa, hata na mtu anayependwa.

Ndugu yetu, aliyefanyiwa hivyo hakutenda dhambi na hakuacha kuwa mwanaume. Si lazima useme kanisani. Si lazima umwambie mchungaji. Lakini mwambie mganga, kwa sababu anahitaji kujua ili akupime vizuri, naye amefungwa na kiapo cha siri. Wazee wa kanisa tunawaomba wasiulize maswali ya kutaka kujua tu.

MANENO YA CHUMBANI

Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho sura ya 7, anawaambia mume na mke kwamba wasinyimane isipokuwa kwa mapatano. Tumesikia sura hii ikitumiwa kama fimbo, mara na baba, mara na mama. Sisi tunalishika neno la mapatano. Mapatano hayawezi kuwepo bila kusemezana. Baba anayegeuka ukutani kila usiku hajapatana na mtu.

Maneno yenyewe ni mafupi. "Mama watoto, si wewe. Mwili wangu una shida na ninaogopa. Nitakwenda kupima." Tumewaona akina mama waliongoja maneno haya miaka mitatu, na walipoyapata walilia kwa furaha, kwa kuwa walikuwa wanajilaumu kwamba wamezeeka na kuchukiza. Wakumbuke pia kwamba mama mwenyewe katika umri huo anapita katika mabadiliko yake: joto la ghafla, usingizi kukatika, ukavu unaoleta maumivu. Inawezekana wote wawili wanakimbiana kwa kuogopa jambo lile lile.

Nao akina mama tunawaomba jambo moja: habari za chumbani zisipelekwe kisimani. Baba akisikia ametajwa kwenye foleni ya maji, hatakwenda kupima tena. Atakwenda kunywa.

Na kwa baba mwenye hasira: mwili kuchoka ni sababu ya kutafuta msaada, haijawa kamwe ruhusa ya kumpiga mtu.

Kikundi cha akina baba kitasoma 1 Wafalme 19 katika kikao chake kijacho, baada ya ibada, chini ya mwembe. Hatutaulizana mambo ya vyumbani. Kila mmoja aliyepita miaka arubaini aje na karatasi moja tu kutoka kituo cha afya, yenye presha yake na sukari yake. Asiyeweza kusoma namba hizo atasomewa pembeni, na wazee nao watakuja na karatasi zao.